Maswali ya Wasomaji: Wakili Anayempeleka Mpangaji Mahakamani

Mwezi huu nimeziweka kando barua za mirathi na talaka, ambazo zitajibiwa katika toleo lijalo, ili nizijibu kwa pamoja barua tano zinazogusa kazi moja: kazi ya wakili anayesimama mahakamani kwa niaba ya shirika la nyumba za umma nchini Marekani. Kazi hiyo naifahamu kwa ndani, kwa kuwa niliifanya kwa miaka tisa katika mji mmoja ambao sitautaja, na zipo siku nilizoifanya vibaya. Majibu haya yanatoa mwanga tu. Hayachukui nafasi ya wakili wako mwenyewe aliyelisoma jalada lako.

Ndugu Wakili, nimehitimu shahada ya sheria, nimefaulu mtihani wa uwakili wa jimbo ninaloishi, na shirika la nyumba za umma limenipa barua ya ajira katika kitengo chake cha mashauri. Wenzangu wananitania kwamba nitakuwa wakili wa kutupa nje vyombo vya maskini. Naomba unieleze wakili huyo hufanya nini hasa siku kwa siku. — Mhitimu, Ohio

Hongera kwa kufaulu, na utani wa wenzako usikuvunje moyo, ingawa una chembe ya ukweli ambayo ni afadhali uitazame sasa kuliko baada ya kusaini mkataba.

Kwanza mjue mwajiri wako. Shirika la nyumba za umma huundwa kwa sheria ya jimbo, lakini sehemu kubwa ya fedha na kanuni zake hutoka serikali kuu, chini ya Sheria ya Nyumba ambayo Rais Roosevelt aliitia saini Septemba 1937. Tangu 1965 anayesimamia utekelezaji wake ni Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji. Mashirika hayo yanazidi 3,000 nchini kote. Mengi ni madogo, hayana wakili wa kuajiriwa, na humkodi wakili wa mtaani kesi inapotokea. Lile la jiji la New York, lililoanzishwa 1934, kabla hata ya sheria yenyewe kupitishwa, ndilo kubwa kuliko yote na lina idara nzima ya sheria. Kwa hiyo muulize mwajiri kitengo chako kina mawakili wangapi, maana palipo na wawili utafanya kila kitu, na palipo na mia moja huenda ukakaa miaka mitatu ukishughulikia aina moja ya shauri.

Mashauri yenyewe yana pande mbili. Upande ambao watu huufikiria kidogo ni ule ambapo shirika ndilo linaloshtakiwa: mtoto aliyepimwa akakutwa na madini ya risasi katika damu kwa sababu ya rangi ya ukutani (rangi ya namna hiyo ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, lakini majengo mengi ya umma ni ya zamani kuliko hapo), mzee aliyeanguka kwenye ngazi isiyo na taa, lifti iliyokwama, ukungu uliotanda chumbani, mkandarasi anayedai malipo yake, mfanyakazi anayesema amefukuzwa kwa ubaguzi. Hizi ndizo kesi ndefu, zenye madaktari na wahandisi kama mashahidi, na zenye vikao vya mashahidi kuhojiwa kwa kiapo miezi mingi kabla ya jaji kuwaona. Katika jimbo la New York, kwa mfano, mtu anayetaka fidia ya kuumia kutoka kwa shirika la aina hii anapaswa kuwasilisha taarifa ya madai ndani ya siku 90, na wakili kijana wa shirika hufundishwa kwanza kabisa kuhesabu siku. Nilishinda kesi kadhaa kwa kuhesabu siku tu. Ni ushindi halali, nami sikuwahi kuusimulia nyumbani.

Upande wa pili, ambao wenzako wanautania, ni ule ambapo shirika ndilo mdai. Hapa mashauri mengi ni ya malimbikizo ya kodi, na yanayobaki ni ya kukiuka masharti ya mkataba: kuishi na watu wasioandikishwa, kuficha kipato, fujo, uhalifu. Asubuhi unaingia mahakamani na rundo la majalada, pengine thelathini au arobaini kwa kikao kimoja, na wapangaji wengi wamekuja bila wakili. Nusu ya kazi hufanyika koridoni kwenye benchi, si mbele ya jaji. Mchana unarudi ofisini kusoma majalada ya wiki ijayo, na hapo ndipo wakili mzuri hutengana na wakili wa kupiga muhuri tu.

Nikuonyeshe jalada moja. Kodi katika nyumba za umma haipangwi na soko. Kwa kawaida ni asilimia 30 ya kipato cha familia baada ya makato yanayoruhusiwa. Bunge liliweka ukomo wa asilimia 25 mwaka 1969, kisha likaupandisha hadi 30 mwaka 1981. Maana yake ni kwamba kipato kikishuka, kodi nayo inapaswa kushuka. Nilipeleka mahakamani madai ya dola 1,050 dhidi ya baba mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya kufua nguo za hoteli. Kipato chake baada ya makato kilikuwa dola 1,400 kwa mwezi, na kodi yake dola 420. Alipopunguzwa kazini, akabaki na mafao ya kukosa ajira ya dola 700, akaripoti ofisi ya mtaa wake siku ya tatu, akajaza fomu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, naye akapewa nakala. Fomu yenyewe ikalala katika trei ya karani. Kwa miezi mitano leja iliendelea kuandika dola 420, na kwa miezi mitano yule baba, aliyejikokotolea mwenyewe, alileta dola 210 bila kukosa. Zidisha 210 mara tano.

Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimeketi kwenye benchi la koridoni, wakati mzee wa watu alipotoa mfukoni ile nakala iliyokunjwa mara nne, yenye muhuri wa zambarau. Hati ya madai ilikuwa na saini yangu. Nililiondoa shauri asubuhi ileile, na jaji aliponiuliza sababu nilimweleza kama ilivyokuwa, mbele ya watu wote, kwa sauti niliyojaribu isitetemeke.

Tangu siku hiyo kila nilipofungua leja nilitazama kwanza umbo la deni kabla ya kiasi chake. Deni la mtu asiyelipa huruka: mwezi huu kodi nzima, mwezi ujao robo, mwezi wa tatu hakuna kitu. Deni linalokua kwa kiasi kilekile kila mwezi mara nyingi ni la mtu anayelipa na ofisi inayokosea kukokotoa. Jambo hilo halifundishwi chuoni, na litakuokoa wewe na mwajiri wako mara nyingi kuliko nadharia yoyote ya mikataba.

Mheshimiwa Wakili, mimi na familia yangu tunaishi katika nyumba za umma. Tulichelewesha kodi ya miezi miwili, tukapata notisi, kisha samansi. Siku ya kesi wakili wa shirika aliniita pembeni, akazungumza nami kwa upole mno, akanipa karatasi ya makubaliano, nami nikatia saini. Je, yule alikuwa wakili wangu? Na ningeweza kukataa? — Mpangaji, Kentucky

Hapana, ndugu yangu, hakuwa wakili wako, na naamini upole wake ndio uliokuchanganya. Mteja wake ni shirika. Kanuni za mwenendo wa mawakili, ambazo karibu kila jimbo limezifuata kwa kiasi kikubwa, zinamkataza wakili kujifanya hana upande anapozungumza na mtu asiye na wakili. Akiona umemwelewa vibaya, ni wajibu wake kukusahihisha. Na haruhusiwi kukupa ushauri wa kisheria zaidi ya kukuambia utafute wakili wako. Anaruhusiwa, hata hivyo, kujadiliana nawe masharti ya suluhu, na hapo ndipo mpaka unapokuwa mwembamba. Mimi nilijizoesha kuanza kila mazungumzo ya koridoni kwa maneno yaleyale: «Mimi ni wakili wa shirika, siyo wako, na maslahi yetu leo yanapingana.» Wapo walioinuka wakaondoka. Ilikuwa haki yao.

Ndiyo, ungeweza kukataa. Ungeweza kumwambia jaji unaomba kesi iahirishwe ili utafute wakili, au unaomba isikilizwe. Katiba ya Marekani, kama Mahakama ya Juu ilivyoitafsiri mwaka 1963, inakupa wakili wa bure ukishtakiwa kwa kosa zito la jinai, lakini haikupi unapokabiliwa na kuondolewa katika nyumba. New York lilikuwa jiji la kwanza kupitisha sheria ya kuwapa mawakili wapangaji wa kipato cha chini, mwaka 2017, na miji mingine imefuata. Kwingineko utegemee ofisi za msaada wa kisheria, ambazo nyingi hupata fedha kupitia shirika lililoundwa na Bunge mwaka 1974. Nenda huko mapema, maana foleni zao ni ndefu. Tena ufahamu kwamba ofisi zinazopokea fedha hizo zimezuiwa kumtetea mtu anayeondolewa katika nyumba ya umma kwa sababu ya kushtakiwa au kutiwa hatiani kwa biashara ya dawa za kulevya, pale shirika linapodai kwamba biashara hiyo inahatarisha usalama wa wengine. Wewe shida yako ni kodi, kwa hiyo mlango huo haujafungwa.

Nirudi kwenye notisi uliyopata, kwa sababu mpangaji wa nyumba za umma ana ulinzi ambao mpangaji wa mtu binafsi mara nyingi hana. Shirika haliwezi kukuondoa kwa kuwa tu mkataba umeisha au meneja hakupendi. Linahitaji sababu ya msingi. Notisi inapaswa kuitaja sababu hiyo waziwazi, ikueleze kwamba unaweza kujibu, kwamba unaweza kuziona nyaraka zinazohusu shauri lako na kuzitoa nakala, na kwamba, isipokuwa katika mashauri fulani ya uhalifu, unaweza kuomba kikao cha malalamiko mbele ya msikilizaji asiyehusika na uamuzi unaolalamikiwa. Kuhusu siku, kanuni ya muda mrefu ilikuwa siku 14 kwa kodi isiyolipwa. Sheria ya dharura ya Machi 2020 ilileta siku 30, na mahakama za majimbo zimetofautiana juu ya upana wake, kwa hiyo mtaalamu wa jimbo lako ndiye wa kuulizwa.

Katika hayo yote, haki inayosahaulika zaidi ni ile ya nyaraka. Kanuni za serikali kuu zinasema kwamba ukiomba kuziona kabla ya kesi na shirika lisizitoe, shirika haliruhusiwi kuendelea na hatua ya kukuondoa. Ni sentensi fupi katika kanuni ndefu, na katika miaka yangu tisa wapangaji waliowahi kuitumia bila wakili hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Omba kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala.

Kuhusu karatasi uliyosaini: itafute leo na usome mambo matatu, yaani kiasi unachotakiwa kulipa, tarehe ya kila malipo, na kinachotokea ukichelewa hata siku moja. Nyingi za suluhu hizi zina hukumu ndani yake, iliyolala ikikusubiri uteleze. Kama kiasi si sahihi, au kama hukuelewa lugha uliyosaini, wakili anaweza kuiomba mahakama iitengue, lakini maombi hayo huharibika haraka kama maziwa. Safari ijayo omba mkalimani kabla ya mazungumzo yoyote. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamkataza anayepokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na suala la lugha limekuwa likiingizwa humo tangu miaka ya 1970.

Mwalimu, darasani tumeambiwa kwamba shirika la nyumba za umma linaweza kumwondoa bibi kizee kwa kosa la mjukuu wake, hata kama bibi hakujua lolote. Ni kweli, au ni hadithi ya kututisha? — Mwanafunzi wa sheria, Texas

Ni kweli, lakini nusu ya kweli hiyo huachwa nje. Sheria ya mwaka 1988 ya kupambana na dawa za kulevya iliyataka mashirika yaweke katika kila mkataba kifungu kinachosema kwamba uhalifu wa dawa za kulevya unaofanywa na mpangaji, mtu wa nyumba yake, mgeni wake, au mtu mwingine aliye chini ya mamlaka yake, ni sababu ya kusitisha upangaji. Shirika la Oakland, California, likafungua mashauri dhidi ya wapangaji wanne, watu wazima wa miaka 63 hadi 75. Wawili walishtakiwa kwa sababu wajukuu wao walivuta bangi kwenye maegesho ya magari; mmoja, mwenye ulemavu, kwa sababu mhudumu wake alikutwa na kokeini ndani ya nyumba; na mmoja, ambaye jina lake, Rucker, ndilo lililobaki kuwa jina la kesi, kwa sababu binti yake alikamatwa na kokeini umbali wa mitaa mitatu kutoka nyumbani. Wapangaji walishinda mbele ya jopo kubwa la majaji wa Mahakama ya Rufaa ya eneo hilo. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa kauli moja, jaji mmoja akiwa hakushiriki: sheria, ilisema, haijali kama mpangaji alijua.

Nusu inayoachwa ni hii. Hukumu ileile inasema kwamba sheria hailazimishi shirika kumwondoa mtu. Inaliachia shirika hiari ya kupima uzito wa kosa, hali ya jengo, na juhudi alizofanya mpangaji kulizuia. Na katika tanbihi ya hukumu imeandikwa kwamba shauri la kumwondoa Rucker mwenyewe liliondolewa na shirika mwaka 1998, baada ya binti yake kufungwa, kwa kuwa hakuwa tena tishio kwa majirani. Yaani mwanamke ambaye jina lake limebeba kanuni kali kuliko zote katika fani hii hakuondolewa kwa shauri hilo.

Ninachokuomba uone, mwanafunzi wangu, ni mahali hiari hiyo ilipokaa. Haikukaa kwa jaji, ambaye katika mashauri haya mara nyingi amefungwa mikono pindi kosa likithibitika. Imekaa ofisini, katika dakika kumi ambazo meneja na wakili wanazitumia kuamua kama shauri lifunguliwe. Nimekaa katika vikao hivyo. Meneja mwenye majirani watano wanaolia usiku kwa sababu ya genge la ngazini ana hoja nzito, na anayempuuza hajawahi kuishi ghorofa ya sita ya jengo la namna hiyo. Meneja mwenye mvulana mmoja na msokoto mmoja wa bangi hana hoja hiyo, hata kama kifungu cha mkataba ni kilekile. Kifungu hakiwezi kutofautisha hayo mawili, kwa hiyo lazima atofautishe mtu.

Nilisomea sheria nje ya Marekani. Je, ninaweza kupata kazi hii, na malipo yake yakoje? — Msomaji, New Jersey

Unahitaji leseni ya jimbo, na kila jimbo lina masharti yake. New York ni miongoni mwa yale yanayowaruhusu waliosomea nje kuufanya mtihani wa uwakili: wengine moja kwa moja, kutegemea mfumo wa sheria waliosomea na urefu wa masomo yao, na wengine baada ya shahada ya uzamili ya sheria yenye angalau vipimo (krediti) 24 vya masomo katika chuo kilichoidhinishwa. Anza na bodi ya mitihani ya jimbo. Tathmini ya vyeti vya nje huchukua muda mrefu kuliko mtihani wenyewe.

Malipo ni ya utumishi wa umma, chini ya yale ya kampuni kubwa za mawakili, na hilo huwezi kulipamba. Kinachofidia ni mambo mawili. Kwanza, utasimama mahakamani mwaka wako wa kwanza, wakati mwenzako wa kampuni kubwa bado anapanga nyaraka. Pili, kama una mkopo wa masomo wa serikali kuu, mpango ulioanzishwa 2007 husamehe salio baada ya malipo 120 yanayostahili, yaani miaka kumi, kwa wanaoajiriwa na taasisi za umma. Hakikisha tu kwamba mwajiri ni shirika lenyewe, si kampuni ya mawakili iliyokodiwa nalo.

Kaka, mimi ni wakili wa shirika, mwaka wa tatu sasa. Meneja wa mtaa mmoja wa nyumba zetu anataka nifungue shauri dhidi ya mama ambaye majirani wamemlalamikia kwa kelele, na polisi wameitwa mara tatu. Nimesoma ripoti za polisi. Kelele ni za mumewe, ambaye jina lake pia limo katika mkataba, akimpiga. Meneja anasema orodha ya wanaosubiri nyumba ni ndefu, na kwamba mteja wangu ni shirika, si yule mama. Nifanye nini? — Wakili, jimbo la kaskazini

Dada yangu, meneja amesema neno moja sahihi na akalitumia vibaya. Mteja wako ni shirika, ndiyo. Lakini meneja si shirika. Shirika ni taasisi yenye mkurugenzi, bodi ya makamishna, na wajibu wa kufuata sheria, na kanuni za uwakili zinakutaka, unapoona mtu wa ndani anataka kulitumbukiza shirika katika uvunjaji wa sheria utakaoliletea madhara, ulipeleke jambo kwa wa juu yake. Huko si kumsaliti mteja. Ndiko kumtetea.

Na hapa sheria haina utata. Tangu marekebisho ya 2005 ya sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, ambayo licha ya jina lake humlinda mtu wa jinsia yoyote, tukio la ukatili wa nyumbani haliwezi kuhesabiwa kuwa mpangaji aliyetendewa amekiuka mkataba, wala haliwezi kuwa sababu ya kumwondoa. Shirika linaruhusiwa kuugawa mkataba: mume aondolewe, mke abaki. Shauri ambalo meneja anataka lifunguliwe lipo kweli. Amekosea jina la mdaiwa.

Sasa jinsi ya kusema hapana. Usiseme koridoni, wala usiseme «dhamiri yangu hainiruhusu», ingawa huenda ni kweli, kwa sababu dhamiri yako ni mali yako na meneja anaweza kuipuuza. Mwandikie mkuu wako wa kitengo waraka wa ukurasa mmoja. Aya ya kwanza iwe na tarehe za ripoti tatu za polisi, na katika kila moja unukuu sentensi inayosema nani alimpiga nani. Aya ya pili iseme sheria inakataza nini na inaruhusu nini. Aya ya tatu ieleze hatari kwa shirika: tangu hukumu ya mwaka 1987 dhidi ya shirika la nyumba la Roanoke, Virginia, lililodaiwa kuwatoza wapangaji umeme kupita kiasi, mashirika haya yanajua kwamba mpangaji anaweza kuyapeleka mahakama ya serikali kuu kwa kukiuka baadhi ya haki ambazo sheria ya nyumba inampa, na jaji atakayezisoma ripoti hizo atauliza ni wakili gani aliyetia saini. Aya ya mwisho ipendekeze shauri la kuugawa mkataba. Nilipokuwa mkuu wa kitengo, waraka wa namna hiyo ulinifurahisha kuliko ushindi, kwa sababu ulinipa kitu cha kumwekea meneja mezani bila kugombana naye.

Mkuu wako akikataa, panda ngazi moja zaidi. Ikishindikana kabisa, omba kujitoa katika jalada hilo kwa maandishi. Sikufichi kwamba hilo lina gharama zake: mimi lilinichelewesha cheo miaka miwili.

Wakati waraka ukipanda, lipo jambo ambalo halihitaji ruhusa ya mtu. Kanuni zinalitaka shirika limpe mpangaji maelezo ya haki zake chini ya sheria hiyo, pamoja na fomu ya kujithibitisha kuwa ametendewa ukatili, kila linapompa notisi ya kumwondoa. Na hakuna kinachozuia umpe mapema. Fomu hiyo huijaza mwenyewe, na kwa kawaida inatosha bila hati ya mahakama. Shirika likimwomba uthibitisho kwa maandishi, ana angalau siku 14 za kazi za kujibu, na anayoyaandika ni siri. Ila usiitume kwa posta, wala usimwachie mlinzi aipenyeze chini ya mlango. Mwite ofisini kwa jambo la kawaida, kama vile uhakiki wa kipato wa kila mwaka, aje peke yake, na umkabidhi mkononi, kwa sababu pale nyumbani huenda anayefungua barua ni mumewe.